Mama kaacha metformini, na sukari imeshuka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Korogwe. Mama yangu ana miaka 63, anaishi Muheza kijijini, njia ya kupanda Amani. Ana shamba la viungo: mdalasini, iliki, pilipili manga kidogo. Si mtu wa kukaa kitako. Huu ni mwaka wa nne tangu agundulike ana sukari, aina ya pili. Zahanati walimwanzishia metformini, asubuhi kimoja na jioni kimoja, akawa anameza kwa kunung'unika. Siku zote anasema vinanuka samaki na vinamvuruga tumbo.

Mwezi wa tatu alikwenda msibani kwa shemeji yake, akarudi nyumbani hata maiti haijatolewa. Kwa mama hilo ni jambo kubwa, hajawahi. Nilipomuuliza alisema kachoka tu. Wiki mbili baadaye alikuwa ameshaacha vidonge.

Sasa anatumia unga. Kuna mtu huja gulioni na gari lenye spika, anauza kopo moja shilingi 30,000. Unga ni wa kijani iliyofifia, mchungu, wa kukoroga kwenye maji ya moto asubuhi na usiku kabla ya kulala. Anasema ndani mna karela, uwatu, mlonge, mwarobaini, mdalasini na mbegu za zambarau. Dawa ina masharti yake: asiguse sukari, soda, mandazi wala mkate, usiku asile ugali wala wali, ale mboga na samaki basi, na kila alfajiri atembee mpaka jasho limtoke. Mimi nimemwomba miaka mitatu apunguze sukari kwenye chai akanicheka. Masharti ya huyu bwana anayashika kama aliyekula kiapo.

Tatizo, Shangazi, ni kwamba imefanya kazi. Asubuhi kabla hajala sukari yake ilikuwa inasoma 13.8. Baada ya mwezi mmoja 5.4, juzi 4.6. Kapungua, magauni yote yanampwaya, anapanda mlima kunishinda mimi. Anaitangaza dawa kijiji kizima na majirani zake wawili wameacha kliniki. Kaka yangu aliyeko Dar anamuunga mkono. Kanitumia makala za utafiti chungu nzima, eti karela imeshusha sukari kwa panya, zambarau vilevile, na kwamba hata hiyo metformini asili yake ni majani. Anasema wazungu wanachukua miti yetu halafu wanatuuzia kwenye vidonge. Nilikosa jibu.

Ila kuna hili. Likizo ya mwezi wa sita nilikuwa nimelala kwake. Saa 9 usiku nikasikia anahangaika. Nilipowasha taa nilimkuta kalowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la mama mdogo ambaye ni marehemu. Nikampima: 2.8. Nilimpa maji ya sukari akarudi hali yake. Asubuhi akaniambia ni dawa inatoa sumu mwilini, muuzaji alishamweleza. Nilipomsihi aache alinijibu, "Vidonge vyenu vilinidhalilisha. Hii imenipa heshima yangu."

Je, miti inatibu sukari au haitibu? Na nimlazimishe mama arudi kwenye vidonge, au nimwache maana namba zinamtetea?

Mwalimu, Korogwe

*

Marahaba mwanangu.

Aya hizi za mwanzo ulishazipata kwenye simu siku ileile barua yako iliponifikia. Nazirudia hapa kwa ajili ya wale majirani wawili.

Kopo lifungwe leo, lisitupwe. Mama asilale peke yake kwa siku hizi chache. Kando ya kitanda iwepo soda ya kawaida yenye sukari, au kikombe cha maji chenye vijiko vitatu vinne vya sukari, na mashine ya kupimia. Sukari ikishuka chini ya 3.9 anywe, asubiri robo saa, apimwe tena, kisha ale kitu cha kushiba. Akikutwa hajitambui, usimmiminie kitu mdomoni maana atapaliwa. Mlaze ubavu na akimbizwe hospitali. Hata akizinduka aende, kwa sababu sukari ya namna hii inaweza kupanda kwa saa moja halafu ikazama tena. Na kesho, si wiki ijayo, aende kituo cha afya na kopo lake mkononi. Asirudie metformini kwa kujikisia kabla hajaonwa.

Sasa nikueleze kwa nini 2.8 ilinishtua kuliko ile 13.8.

Nimekaa dirishani nikigawa dawa miaka 31. Mtu mwenye kisukari aina ya pili asiyetumia insulini wala kidonge chochote cha kukamua kongosho, mwili wake una breki. Sukari ikikaribia kushuka, kongosho linapunguza insulini, homoni inayoishusha, na ini linaachia akiba yake. Ndiyo maana mtu hulala njaa na akaamka mzima. Hata metformini ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu, kwa sababu kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari kupita kiasi. Hailazimishi insulini itoke. Mama yako kaacha hata hiyo metformini. Karela na uwatu naujua ushushaji wake, ni wa kupapasa. Kumfikisha mtu 2.8 saa 9 usiku mpaka anamwita marehemu ni kazi ya kitu kingine.

Kitu hicho kwa kawaida ni glibenklamidi. Ni kidonge kidogo cha bei ndogo, zamani tulikigawa sana. Kinalikamua kongosho litoe insulini, umekula hujala. Ukikisaga na kukichanganya kwenye unga mchungu wa kijani hakionekani na hakionjeki. Mnunuzi anapima baada ya siku tatu, namba imeporomoka, anakwenda kumwita jirani. Halafu mama wa watu anaambiwa usiku asile wanga, anakoroga kijiko chake, anapanda kitandani. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi glibenklamidi haiwafai wenye zaidi ya miaka 60, na figo zikiwa zimechoka inakaa mwilini muda mrefu zaidi.

Sijaliona kopo la mama yako, kwa hiyo simwiti yule bwana mwizi. Lakini mchezo huu una historia. Mwaka 2000 huko California wakaguzi walikuta dawa za "mitishamba" ya sukari kutoka China zimetiwa glibenklamidi na fenformini, dawa ambayo Marekani ilikuwa imeshaiondoa sokoni tangu miaka ya 1970 kwa hatari yake. Mwaka 2008 Singapore, ndani ya miezi michache, watu wapatao 150 wasiokuwa hata na kisukari walifikishwa hospitali sukari imeporomoka. Wengi walikuwa wanaume, na zilikutwa dawa haramu za nguvu za kiume, nyingine za mitishamba, ndani mkiwa na glibenklamidi. Wanne walikufa. Na kote huko hakuna aliyegundua kwa macho wala kwa ulimi, ilibidi maabara.

Kwetu ukimwonesha kopo mganga mkuu wa wilaya au ofisi ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, watajua njia ya kulifikisha linakopimwa, na Mkemia Mkuu wa Serikali anayo maabara ya kazi hiyo. Tiba asili hapa Tanzania si uchochoro, ina sheria yake ya mwaka 2002 na ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Alhamisi ijayo gulioni, muulize yule bwana kwa upole namba ya usajili. Mwenye dawa halali anayo na ataionesha kwa furaha. Mwingine atapandisha sauti ya spika.

Hiyo ni nusu ya namba zako. Nusu ya pili inanifurahisha: yale masharti.

Waganga wetu wana akili ambayo sisi wa makoti meupe tuliichelewa. Hakuna dawa isiyo na masharti, na mtu akishalipa 30,000 na kupewa masharti, anayashika. Sisi tulimwambia "punguza sukari, fanya mazoezi" bure, akaliacha neno mlangoni akitoka. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mmoja Uingereza, unaitwa DiRECT, uliofanyika Scotland na upande wa Tyneside. Walichukua watu wazito wa kati ya miaka 20 na 65, wenye kisukari aina ya pili kisichozidi miaka 6 tangu kigundulike. Waliwasimamisha dawa za sukari chini ya uangalizi, wakawapa chakula cha kama kalori 850 kwa siku, supu na maziwa ya kukoroga, kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha ugonjwa, bila kidonge. Kwa waliopungua kilo 15 na zaidi, waliofika hapo walikuwa 86 katika kila 100. Hamkuwa na mti wowote mle. Mafuta yaliyokuwa yamejazana kwenye ini na kongosho yalipungua, viungo vikarudi kazini.

Umri wa mama, miaka yake minne ya ugonjwa, magauni yanayompwaya: yumo kabisa kwenye kundi lile. Inawezekana sehemu kubwa ya safari ya kutoka 13.8 kaitembea kwa miguu yake mwenyewe alfajiri, na unga umekuja kudai sifa. Hili mwambie, na umwambie mapema, kwa sababu anaogopa ukimnyang'anya kopo umemnyang'anya afya.

Nakuja kwa kaka. Mpe salamu zake. Kwenye metformini kasema kweli, ila hadithi kaikata katikati.

Ulaya kuna mmea unaitwa Galega officinalis, wenye maua ya rangi ya zambarau, waliutumia karne nyingi kwa maradhi ya namna namna. Una kemikali ya galegini, inayoshusha sukari kwelikweli. Pia unaua kondoo wakiula. Miaka ya 1920 madaktari waliijaribu galegini kwa wagonjwa, wakaona sumu yake imekaribiana mno na faida yake, wakaiacha. Mwaka 1922 wanakemia wa Dublin walikuwa wameshatengeneza ndugu yake mpole, ndiyo metformini, ikakaa kwenye makaratasi. Mpaka 1957 ndipo daktari Mfaransa, Jean Sterne, alipotangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa wa sukari. Marekani waliiruhusu 1994. Utafiti mkubwa wa Waingereza uliotoka 1998 ndio ulioonesha kwamba wagonjwa wazito waliotumia metformini walikufa wachache zaidi na kupata mshtuko wa moyo mara chache zaidi. Kidonge cha leo hakina jani hata chembe, ni cha kiwandani mwanzo mwisho. Kwa hiyo ndiyo, majani. Na baada ya majani, miaka zaidi ya 70 ya kutenganisha kinachoponya na kinachoua.

Na huo mti haukuwa wetu, ulikuwa wao. Hata hizi dawa mpya zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo zimeanzia kwenye florizini, iliyopatikana 1835 kwenye magome ya mizizi ya mtufaa. Malalamiko ya kaka kuhusu kuporwa miti nayaheshimu, yapo mahali pake, lakini hapa amechagua mfano mbovu. Angepanda huko juu kwa mama angepata mfano bora. Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902 walipanda mikwinini, mti wa Amerika ya Kusini. Magome yake yanatibu malaria, hakuna anayebisha. Lakini kwinini haikai sawa kwenye kila mti. Gome la huu linaweza kuwa na nyingi, la ule karibu na hakuna. Huwezi kumpa mtoto mwenye homa "kipande cha gome" ukategemea Mungu. Ndiyo maana ilibidi ikamuliwe na ipimwe.

Sasa wale panya. Nimesoma makala za aina hiyo mpaka macho yakaniuma. Mara nyingi mambo huwa hivi: panya anachomwa streptozotosini, kemikali inayoua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, sukari yake inapaa, kisha ananyweshwa kiini cha majani kilichokamuliwa kwa maji au kwa alkoholi. Sukari ikishuka, makala inaandikwa. Mama yako kongosho lake halijachomwa. Shida yake kubwa ni mwili kutoisikia insulini. Panya huyo anafanana zaidi na mgonjwa wa aina ya kwanza. Halafu tazama vipimo. Tuseme panya kapewa miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito. Kwa hesabu inayotumika kuhamisha dozi ya panya kwenda kwa binadamu, mtu wa kilo 70 angehitaji kama gramu 4.5 za kiini hicho kwa siku. Kama majani makavu gramu 100 yanatoa kiini gramu 10, hiyo ni gramu 45 za majani makavu kila siku ya Mungu. Pima kwenye mizani ya dukani uone lundo lake. Kijiko kimoja cha mama hakifiki hata robo.

Kwa binadamu ndipo mambo yanapokuwa na adabu. Karela imejaribiwa. Thailand mwaka 2011 walilinganisha gramu 2 za karela kavu kwa siku na gramu 1 ya metformini, kwa wiki nne. Karela ilishusha, lakini kidogo, na metformini iliipita. Mwaka uliofuata wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio manne yenye watu 479 wakasema ushahidi hautoshi kuiita karela dawa ya kisukari aina ya pili. Mdalasini nao walishaupitia, majaribio kumi, watu 577, hukumu ikawa ileile. (Mwambie mama asinune. Mdalasini wake una soko lake kwenye pilau na chai. Ila ule mnene mgumu kama kuni, unaoitwa kasia, una kumarini, na kuula kwa vijiko kila siku kunaweza kuumiza ini.) Zambarau imenigusa mwenyewe, kwa sababu bibi yangu alikausha mbegu zake juani akazitwanga kwa ajili ya babu. Brazil walifanya kilichotakiwa kufanywa: chai ya majani ya zambarau kwa wengine, chai ya uongo kwa wengine, glibenklamidi kwa wengine. Glibenklamidi ilishusha sukari. Chai ya zambarau haikuishinda chai ya uongo. Bibi yangu asingefurahi.

Uwatu una nyuzinyuzi zinazogeuka ute tumboni na kuchelewesha sukari ya chakula, kwa hiyo kuuweka kwenye chakula ni jambo jema. Mlonge ni mboga nzuri, ale kama anavyokula kisamvu. Mwarobaini nauacha.

Kuna jambo moja kaka hajaliwaza. Kushusha sukari si sifa peke yake. Jamaica wana tunda la akii, ndilo tunda lao la taifa, wanalipika na samaki wa chumvi. Likiwa bichi, halijafunguka lenyewe mtini, lina kemikali inaitwa hipoglisini. Inalizuia ini kutengeneza sukari mpya. Watoto waliolila bichi walitapika, wakazimia, wengine wakafa sukari ikiwa chini kabisa. Ungempima mmoja wao saa moja kabla, ungesema tunda hili ni dawa.

Basi, jibu la swali lako la kwanza: miti ina kitu, na baadhi ya vitu hivyo vimekuwa dawa kubwa. Kopo la gulioni halijapita njia hiyo.

Swali la pili, la kumlazimisha, nakujibu hapana. Nakuambia kwa nini.

Umeandika aya ndefu kuhusu muuzaji na aya ndefu kuhusu kaka. Kuhusu tumbo la mama umeandika nusu mstari. Lakini barua yako yote imekaa kwenye ule msiba. Mwanamke wa Muheza harudi nyumbani kabla ya maziko ya mume wa nduguye kwa sababu ya uchovu. Mimi naona hivi, na ninaomba radhi kwa mama kama nimekosea: wanawake wamekaa mkekani wamebanana, choo kiko nyuma ya nyumba na kina foleni, tumbo likamgeuka ghafla, akainuka amejifunga khanga ya pili kiunoni na hakutaka kurudi. Metformini inafanya hivyo. Kuharisha ndiyo kero yake kubwa kuliko zote. "Vilinidhalilisha", kasema. Umesikia neno alilochagua? Hakusema vilimuumiza.

Na hapa nina deni langu. Nimeandika "1x2" kwenye bahasha za khaki mara elfu kadhaa, nikaita namba inayofuata. Sikusema umeze katikati ya chakula, si tumbo tupu. Sikusema ukiharisha urudi, maana dozi inaweza kuanza na kidonge kimoja kidogo kwa siku na kupanda taratibu wiki hadi wiki, na kwamba kuna metformini ya kutoa dawa polepole ambayo matumbo mengi huivumilia vizuri zaidi. Nadhani aliyemhudumia mama naye alikuwa na foleni kama yangu.

Kwa hiyo ukifika kwake usianze na unga. Subiri jioni mkichambua mboga, umwambie: "Mama, nimeambiwa vile vidonge vinaharisha watu wengi, na vingine wamevitengeneza visiharishe. Wewe vilikufanyaje?" Halafu nyamaza. Usimsaidie kumalizia sentensi. Kama hataki kukueleza wewe, mtafutie muuguzi mwanamke wa rika lake, au mama mkubwa kama yupo.

Kliniki mmweleze daktari mambo matatu bila kuficha: tumbo, unga, na ule usiku. Waombe kipimo cha HbA1c, kinachoonesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, na kreatinini ya figo, kwa sababu figo zikiwa zimechoka sana metformini yenyewe haitakiwi. Akiwa ametumia miaka mitatu, waulize pia kuhusu vitamini B12. Dawa hii huipunguza. Wamtazame miguu na macho. Usishangae wakisema, kwa uzito aliopunguza, dozi iwe ndogo au wamwangalie kwanza bila dawa. Hilo waamue wao kwa vipimo. Masharti aendelee nayo yote, isipokuwa lile la usiku mtupu mpaka kopo lichunguzwe. Kiporo cha maharage na kipande cha muhogo hakitamrudisha 13.8.

Majirani wawili wapelekeni kwenye gari hilohilo. Mama ndiye aliyewatoa kliniki, watamfuata yeye kurudi, wewe hawatakusikiliza.

Na umwambie mama kwamba Shangazi amekubali vidonge vinanuka samaki, hajazusha. Sisi dirishani tulikuwa tunajua kopo la metformini limefunguliwa kabla ya kulitazama. Akivimeza katikati ya tonge harufu haimkuti.